Serikali nayo ilipie ardhi yake

KILA mwaka unapoanza, mwenye ploti mjini Voi, Nakuru au Thika anajua kuna deni linalomsubiri katika ofisi za kaunti. Ada ya ardhi haina huruma. Asipolipa kwa wakati anatozwa riba, na riba hiyo inaendelea kupanda mwezi baada ya mwezi. Siku atakapotaka kuuza kipande chake au kukiandikisha kwa jina la mwanawe, ataulizwa cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi na kaunti. Bila cheti hicho, ardhi haihamishwi.

Ng'ambo ya barabara ana jirani mwenye ekari mia tano ambaye huenda hajawahi kupanga foleni katika ofisi hizo. Jirani huyo ni Serikali.

Ada inayozungumziwa hapa isichanganywe na ile kodi ambayo wenye hati za kukodishiwa ardhi hulipa Wizara ya Ardhi. Hii ni ada ya kaunti. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza ada za mali isiyohamishika, ushuru wa burudani na kodi nyingine ambazo Bunge litaziruhusu. Ushuru wa burudani hauwezi kuendesha hata zahanati moja. Kwa hiyo kaunti yoyote inayotaka kujitegemea ni lazima iangalie ardhi iliyo ndani ya mipaka yake, na hapo ndipo inapokutana na ukuta.

Kwa zaidi ya nusu karne jambo hili liliongozwa na sheria mbili, moja ya kukadiria thamani ya ardhi na nyingine ya kutoza ada yenyewe. Sheria ya ukadiriaji iliorodhesha ardhi isiyopaswa kutiwa katika daftari la ada: mahali pa ibada, makaburi, hospitali, shule, taasisi za hisani na maktaba, viwanja vya michezo, na hifadhi za kitaifa za wanyama. Kwa baadhi ya hizo sheria iliweka sharti kwamba zisitumike kutafuta faida.

Orodha hiyo haina ubaya mkubwa. Hakuna mzazi atakayetaka shule ya msingi ya kijijini itozwe ada kwa uwanja ambao watoto wanachezea, kwa kuwa ada hiyo ingerudi kwake mwenyewe kama mchango wa shule. Zahanati ni vivyo hivyo. Kinachokera ni ile ardhi nyingine yote ya Serikali ambayo haimo katika orodha: nyumba za maafisa, kambi, maghala, viwanja vitupu katikati ya miji, na mashamba.

Kwa ardhi ya namna hiyo sheria ya zamani haikusema Serikali isamehewe kabisa. Ilitaka ilipe kile kilichoitwa mchango badala ya ada. Maana yake ni kwamba Serikali, kwa kuwa haifai kutozwa kodi na mamlaka iliyo chini yake, itoe kwa hiari kiasi cha kufidia pengo. Wazee waliohudumu katika mabaraza ya miji na manispaa wanakumbuka yaliyofuata. Mchango ulichelewa, ukaja nusu, au haukuja kabisa, na kila mwaka karani wa baraza aliandika tarakimu ile ile katika makadirio ya mapato akijua kwamba ni ya kujazia karatasi tu.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya hazina ya kuyagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Fedha hizo zilisaidia, lakini zilifanya watu wengi wasahau lile deni la ardhi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 mabaraza yakavunjwa, kaunti 47 zikarithi majengo, magari mabovu, madeni ya mishahara, na pia zikarithi madai dhidi ya Serikali ambayo hakuna aliyeyajua vizuri.

Kwa nini mdaiwa huyu ni mgumu hivyo? Sababu ni kwamba viboko vyote vinavyomtisha mwenye ploti havimfikii. Cheti cha kutodaiwa kinamtisha anayetaka kuuza, na Serikali haiuzi kambi ya polisi. Mnada unamtisha anayeogopa kupoteza mali, lakini Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali inazuia mali ya umma isikamatwe kwa ajili ya kulipa deni hata baada ya mahakama kutoa hukumu. Kaunti inaweza kwenda kortini, ikashinda, ikatoka na karatasi yenye muhuri.

Basi kaunti nyingi huona heri kumfuata yule anayeshikika. Anayeshikika ni mkulima mwenye gari la ndizi kwenye kizuizi cha barabarani, na mama mboga mwenye kibanda cha futi nne.

Taita Taveta ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, maana huko limejitokeza wazi kuliko kwingine. Kaunti hiyo ina ukubwa wa kilomita 17,084 za mraba, na takriban asilimia 62 ya eneo hilo liko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga hizo zilitengwa mwaka 1948 na serikali ya kikoloni. Wakazi wake wa asili, wakiwemo Wawata waliokuwa wawindaji, waliondolewa. Baada ya Uhuru mipaka ikabaki ilivyokuwa, na Katiba ya sasa inaziweka hifadhi za kitaifa katika fungu la ardhi ya umma iliyo mikononi mwa Serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote.

Ukipiga hesabu, asilimia 62 ya kilomita 17,084 ni kama kilomita 10,600 za mraba, au ekari milioni 2.6. Kwa eneo lote hilo kaunti haipati ada ya ardhi. Fedha zinazolipwa na watalii langoni, na zile zinazolipwa na hoteli na kambi zilizokodishwa nafasi ndani ya mbuga, huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai mgao wa mapato hayo kwa miaka mingi, gavana mmoja baada ya mwingine.

Gharama, hata hivyo, hubaki nyumbani. Ndovu hawajui mpaka wa mbuga. Mkulima wa mahindi anayelala shambani na tochi na debe la kupiga kelele wakati wa mavuno ndiye anayelipa ada halisi ya Tsavo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilimpa haki ya fidia, na ikaweka Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Kila anayeishi kandokando ya mbuga anajua fidia hiyo huchukua muda gani kufika. Mahindi yaliyoliwa mwezi wa saba hayawezi kungoja miaka mitatu, kwani karo ya shule hailipwi kwa fomu iliyopigwa muhuri.

Kuna jambo jingine linalowakera watu wa huko. Maji ya chemchemi ya Mzima, yaliyo ndani ya Tsavo Magharibi, yanasafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Wakati huo huo kuna vijiji vya Taita Taveta ambavyo wanawake bado wanabeba mitungi. Mbuga inatoa maji, inatoa watalii, inatoa fedha za kigeni. Yote hayo ni ya taifa, na hakuna anayesema yasiwe ya taifa. Lakini taifa linalotumia nusu na zaidi ya kaunti ya mtu halina budi kumlipa chochote.

Watetezi wa msamaha wana hoja zao, na baadhi zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba kaunti hizo tayari zinafidiwa kupitia mgao wa fedha kutoka Nairobi. Ni kweli kwamba katika mfumo wa tatu wa kugawa mapato, uliotumika kuanzia mwaka wa fedha wa 2020/21, ukubwa wa eneo ulipewa uzito wa asilimia 8, na ardhi ya mbuga ilihesabiwa ndani yake. Lakini ukubwa wa eneo ulitiwa humo kwa sababu ni ghali kupeleka huduma mahali penye umbali mrefu, na kaunti kubwa isiyokuwa na mbuga hata moja ilipata pointi zile zile kwa kila kilomita. Mgao ule unalipia barabara ndefu. Ardhi iliyofungwa isilimwe wala kujengwa haulipii hata senti.

Hoja ya pili ni kwamba ni kazi bure kwa Serikali kujitoza kodi yenyewe, kutoa fedha mfuko wa kulia na kuzitia mfuko wa kushoto. Hoja hii ingefaa wakati wa mabaraza, yaliyokuwa chini ya Waziri. Tangu 2013 mifuko ni ya watu wawili tofauti. Serikali ya kitaifa ina bajeti yake na kaunti ina yake, na kila mmoja anaulizwa na bunge lake. Anayetumia ardhi ya mwenzake bure anamsukumia mzigo wake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Nani atasema ekari moja ya Tsavo ina thamani gani? Haiuzwi, haikodishwi, hakuna jirani aliyeuza ya kulinganisha. Wathamini hawawezi kukubaliana, na kesi zitajaa kortini.

Hapa kuna la kujifunza kutoka Marekani, nchi ambayo watu wengi hudhani kila kipande cha ardhi ni cha mtu binafsi. Serikali kuu ya Marekani inamiliki zaidi ya robo ya nchi hiyo. Katika jimbo la Nevada inamiliki karibu asilimia 80. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1819, katika kesi iliyohusu benki ya serikali kuu na jimbo la Maryland, imekuwa ni kanuni kwamba jimbo haliwezi kuitoza kodi serikali kuu. Kwa hiyo kaunti za magharibi mwa nchi hiyo, zenye misitu, majangwa na mbuga, zilikuwa na kilio kile kile cha Taita Taveta: ardhi tele, kodi hamna, na barabara za kutengeneza ni zao.

Mwaka 1976 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya malipo badala ya kodi. Walilikwepa lile swali gumu la thamani. Badala ya kukadiria bei ya jangwa, walihesabu ekari na watu. Kiwango cha juu kilianza kwa senti 75 za dola kwa ekari, na tangu mabadiliko ya miaka ya 1990 hupandishwa kufuatana na gharama ya maisha. Kaunti inayopata mgao mwingine kutoka kwa misitu au malisho hukatwa kidogo, na kaunti yenye watu wachache haiwezi kupita kikomo fulani. Mwaka 2024 zaidi ya kaunti 1,900 ziligawana kama dola milioni 621. Kila moja inatumia fedha hizo itakavyo, kwa barabara, shule au zimamoto.

Mpango huo nao una kasoro. Kwa miaka mingi bunge lao lilitenga fedha pungufu kuliko hesabu ya sheria ilivyotaka, na hadi leo kaunti hulazimika kungoja bajeti ya kila mwaka ili kujua zitapata nini. Aidha, kiasi kinacholipwa kwa kawaida ni kidogo kuliko ambacho mwenye ardhi binafsi angelipa. Pamoja na hayo, karani wa kaunti huko anaweza kukaa na kalamu akajua takriban atapata kiasi gani, jambo ambalo karani wa Kenya hajawahi kulijua.

Tuseme Kenya iamue kulipa Sh50 tu kwa ekari moja ya hifadhi kwa mwaka, bei ambayo haimtoshi mtu kununua hata nusu kilo ya sukari kwa bei za siku hizi. Kwa zile ekari milioni 2.6 Taita Taveta ingepata Sh130 milioni kila mwaka. Kwa Sh10 ingepata Sh26 milioni. Hazina ya Kitaifa haitafilisika kwa malipo hayo, na kwa upande wa pili ni fedha za kutosha kujenga uzio kidogo kidogo, kuchimba mabwawa ya kuwazuia ndovu wasifuate maji vijijini, na kutengeneza njia za mashambani kabla ya mvua.

Afrika Kusini nayo ilichukua njia ya kati ambayo inafaa kutazamwa. Sheria yao ya ada za mali ya mwaka 2004 inazifanya idara za serikali zilipe ada kwa manispaa kama wenye mali wengine. Hifadhi za wanyama zimesamehewa, lakini msamaha unahusu zile sehemu tu ambazo hazijaendelezwa wala kutumiwa kwa biashara au kilimo. Pori halitozwi. Hoteli iliyo ndani ya pori inatozwa.

Mgawanyo huo unaeleweka hata kwa mtu ambaye hajasoma sheria. Tsavo ina maelfu ya kilomita ambamo hamna kitu ila nyasi na wanyama, na pia ina vipande vichache ambavyo mgeni hulipa kwa usiku mmoja fedha ambazo mchuuzi wa Voi hazipati kwa mwezi. Mchuuzi huyo hulipia leseni. Hakuna sababu ya kiwanja cha hoteli kujificha nyuma ya ngozi ya ndovu.

Kutoka mbugani suala linaingia mjini na mashambani, ambako sura yake ni ya mashirika ya umma. Serikali ya leo inafanya biashara nyingi. Inauza umeme, inapakua meli, inaendesha treni, inafuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi ya mbegu. Shirika la Ustawishaji wa Kilimo (ADC), lililoanzishwa mwaka 1965, lina mashamba makubwa Trans Nzoia katikati ya wakulima wa ekari mbili na ekari tano. Kazi yake ya mbegu na mifugo bora imewafaidi wakulima hao, na hilo lisisahaulike. Hata hivyo shirika linalopeleka bidhaa sokoni na kupokea fedha linafanya biashara kama mtu yeyote. Ada ya ardhi kwake iwe ni gharama ya biashara, sawa na mbolea na dizeli. Likisamehewa, mkulima jirani analishindania soko moja huku yeye akibeba gunia mbili mgongoni na mwenzake akibeba moja.

Jinsi mambo yanavyoharibika pasipokuwa na utaratibu ilionekana Nairobi mwezi Februari 2025. Kampuni ya umeme, ambayo Serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, ilikata stima katika ofisi za kaunti ikidai zaidi ya Sh3 bilioni. Kaunti nayo ilisema inaidai kampuni hiyo Sh4.9 bilioni kwa kupitisha nguzo na nyaya katika ardhi yake. Malori ya kaunti yakaenda kumwaga takataka mbele ya makao makuu ya kampuni. Picha zilizunguka nchi nzima na watu wakacheka. Lakini wafanyabiashara wadogo wenye maduka karibu na mahali hapo hawakuwa na la kuchekea, maana uvundo haukuuliza nani anadaiwa na nani.

Katiba, katika kifungu cha 189, inazitaka serikali za ngazi hizi mbili zitatue migogoro yao kwa mazungumzo na taratibu zilizowekwa. Malori ya taka hayamo katika taratibu hizo. Hayakuwa na nafasi ya kutumika kama kungekuwa na daftari moja, lililokubaliwa na pande zote, linaloonyesha nani anamiliki nini na anatakiwa kulipa nini.

Na hapa lawama lazima iziendee kaunti zenyewe. Nyingi hazina daftari hilo. Sheria ya zamani ilitaka ardhi ikadiriwe upya angalau kila baada ya miaka 10, lakini jiji la Nairobi lenyewe lilitumia thamani za mapema miaka ya 1980 hadi mwisho wa mwaka 2022. Kwa miaka 40 mwenye jumba la ghorofa kumi alikuwa akilipa kwa thamani ya kiwanja cha enzi zilizopita. Ni Januari 2023 ndipo kiwango kipya cha asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi kilipoanza kutumika. Kama jiji lenye wathamini wengi kuliko kaunti nyingine zote lilichukua muda huo, ni rahisi kukisia hali ilivyo katika kaunti ambayo ramani zake ziko katika kabati lililoliwa na mchwa.

Kaunti inayosema inaidai Serikali mabilioni, kisha ikaulizwa namba za ploti na ikashindwa kuzitaja, haina deni la kudai. Hazina ya Kitaifa haitalipa madai ya namna hiyo, na kwa hakika haifai kuyalipa, kwa sababu fedha ni za walipa kodi wale wale.

Tena, kaunti haziwezi kuwa wepesi wa kudai na wazito wa kulipa. Kufikia katikati ya mwaka 2024 kaunti zote kwa pamoja zilikuwa zinadaiwa zaidi ya Sh150 bilioni na watu waliozipa huduma na bidhaa. Wengi wa hao ni wafanyabiashara wadogo: aliyepeleka magodoro hospitalini, aliyepika chakula cha mkutano, aliyekodisha tingatinga kwa kazi ya barabara. Mtu kama huyo ana haki ya kuuliza, mchango wa Serikali ukifika, utalipa deni lake au utanunua magari mapya ya waheshimiwa?

Kinachofanya suala hili liwaguse wakulima na wachuuzi kuliko mawakili ni hesabu ndogo ifuatayo. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zilipangiwa Sh385.4 bilioni kama mgao wao kutoka kwa mapato ya taifa. Zenyewe zilikusanya takriban Sh59 bilioni, ada za hospitali zikiwemo. Kila gavana anasukumwa aongeze hicho kiasi cha pili, na kuna milango michache tu ya kubisha. Mlango wa ardhi ya Serikali umefungwa. Unaobaki wazi ni ushuru wa soko, leseni, ada ya kuegesha magari, na ushuru wa mazao ambao wakulima huuita sesi.

Sesi ni kodi mbaya kwa tabia yake. Inatozwa kwa gunia au kwa lori, haiulizi kama mkulima amepata faida au hasara. Mkulima wa ndizi wa Taveta anayepeleka mzigo Kongowea huitoa kabla hajajua bei ya sokoni, na msimu ambao bei imeanguka huenda karani wa kizuizini akawa ndiye pekee aliyepata kitu. Ada ya ardhi, kwa upande mwingine, haizuii gari barabarani, haiozeshi nyanya, na mwenye mali hawezi kuihamisha usiku. Wanauchumi wamekuwa wakisema hivyo tangu zamani. Lakini kodi hiyo nzuri inapokuwa na tundu kubwa katikati, tundu la ukubwa wa mbuga na kambi na mashirika, kilichotoka kwenye tundu hujazwa na sesi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 sheria mbili za zamani zilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Kitaifa ya Ada za Ardhi. Sheria hiyo imeleta mfumo mmoja kwa kaunti zote na baraza la kusikiliza malalamiko ya ukadiriaji. Hatua hiyo ni njema. Itakuwa njema zaidi iwapo Hazina ya Kitaifa haitaachiwa kuamua kila mwaka kama itatoa mchango wake au la. Fedha za ardhi ya Serikali zifaa kuandikwa waziwazi katika sheria ya kila mwaka ya kugawa mapato, zikiwa na mstari wake, kaunti kwa kaunti, ili Mdhibiti wa Bajeti aseme zimetoka na Mkaguzi Mkuu aseme zimefanya nini. Ardhi ya shule na zahanati isiguswe. Mashirika yanayouza na kununua yalipe yenyewe kutoka kwa mapato yao, bila kungoja Hazina. Kwa hifadhi, malipo ya ekari, na ada kamili kwa viwanja vya hoteli.

Na kaunti itakayopokea fedha hizo ipunguze sesi kwa kiasi kinachoonekana. Bila sharti hilo mkulima hana sababu ya kuunga mkono madai ya gavana wake, kwani atakuwa amemsaidia kushinda kesi ambayo faida yake haitafika shambani.

Nafasi ya kulisema jambo hili ipo. Kila kaunti inatakiwa kuwasilisha taarifa yake ya mwelekeo wa fedha katika bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo hujaa watu wanaoomba barabara na maji, kisha hutoka na soda na mkate. Vyama vya wakulima na kamati za masoko zaweza kwenda na maswali matatu yaliyoandikwa: Ni ploti na mashamba gani ya Serikali yaliyomo katika kaunti hii? Kila moja inatakiwa kulipa kiasi gani, na imelipa kiasi gani tangu 2013? Na zile zilizosamehewa, zilisamehewa na nani, kwa sababu gani? Swali la mwisho halihitaji ruhusa ya gavana wala waziri. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi uandikwe pamoja na sababu yake, katika kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, na taarifa ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.